Gari Lililotembea Saa Sita Mchana

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, na wewe msomaji hujapata kufika huko. Ukimkuta humu mtu anayefanana na mkubwa wako wa kazi, macho yako yamechoka, yapumzishe. Mimi ni karani daraja la pili katika Wizara ya Dhamana. Kazi yangu kwa miaka kumi na moja imekuwa moja tu, kutunza Kitabu, na sijapata kuandikiwa barua ya onyo. Nayasema haya mapema ili ujue unasimuliwa na mtu mwaminifu.

Kwetu kuna gari la aina moja tu, linaitwa Salama. Serikali iliyanunua yote kwa mkupuo kutoka kwa Kampuni ya nchi ya mbali, huko ambako tunaambiwa mito huganda watu wakapita juu yake kwa miguu, kisha ikatuuzia sisi wananchi. Ni gari zuri. Halipigi kelele, halinywi mafuta ovyo, na ndani lina kompyuta yenye akili kuwashinda madiwani wengi ninaowajua. Lina tabia moja tu. Joto la nje likifika nyuzi thelathini, kompyuta huamini kwamba gari limeshika moto, maana huko lilikoundwa, hewa ikipata joto la namna hiyo basi kuna kitu kinateketea. Hapo gari hujisogeza pembeni lenyewe, hujizima, hufungua milango yote minne, na sauti ya mwanamke, ambaye ukimsikiliza unajua alijifunza Kiswahili kwa njia ya posta, husema:

"Ndugu abiria, chombo chako kinaungua. Toka nje kwa furaha. Tembea hatua hamsini. Subiri zimamoto."

Kwetu nyuzi thelathini hufika saa tatu asubuhi, na haziondoki mpaka saa kumi na moja jioni.

Wiki ya kwanza tuliwasubiri zimamoto kweli. Hawakuja, kwa kuwa magari yao nayo ni Salama, na wazima moto wenyewe walikuwa wamekaa hatua hamsini kutoka kwenye magari yao wakiwasubiri wenzao. Magari ya wagonjwa vivyo hivyo. Wiki ya pili watu wakaanza kunung'unika, na Waziri wetu wa Dhamana, Mheshimiwa Kilumanga, akaitisha mkutano wa hadhara alfajiri, kabla jua halijapanda.

"Ndugu wananchi," alisema, "mataifa mengine yana magari yanayokimbia. Sisi tuna magari yanayotujali."

Tukapiga makofi. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Mheshimiwa, si ni namba tu hiyo iliyomo kwenye kompyuta? Kwa nini tusiibadilishe tuweke hamsini?"

Waziri alimtazama kwa huruma. "Ndugu yangu, ulinunua mabati, viti na magurudumu. Akili ya gari umeazimwa. Ukiigusa, Dhamana inakufa. Na Dhamana ikifa, magari yakiharibika atatutengenezea nani?"

"Mbona hayajaharibika?"

"Yataharibikaje wakati yameegeshwa? Hiyo ndiyo faida ya Dhamana!"

Makofi yakarudi kwa nguvu zaidi. Yule aliyeuliza alisindikizwa na vijana wawili wa usalama kwenda kuelimishwa. Mpaka leo anaendelea na masomo.

*

Usidhani tulikaa tu. Taifa lenye akili huigeuza shida kuwa utaratibu. Kwanza ilitungwa Sheria ya Vyombo Visivyo na Dhamana, ikaziondoa barabarani pikipiki, baiskeli na punda. Punda alitetewa bungeni siku mbili nzima, lakini aliposhindwa kupatikana mtu wa kuonyesha hati ya aliyemuunda, hoja ikaanguka.

Kisha zikaja hatua zenyewe. Hatua hamsini ni ngapi? Mtu mrefu hufika mbali, mtu mfupi huishia karibu, na usawa uko wapi hapo? Wizara iliunda tume. Tume ilisafiri nchi saba, ikarudi na pendekezo kwamba hatua rasmi iwe ya Mheshimiwa Waziri mwenyewe, ambaye ni pande la mtu. Alipimwa akitembea, ukachongwa mti wa mninga wenye urefu huo, na nakala zake wakapewa Wakaguzi wa Hatua. Ikifika saa tatu asubuhi utawaona wamejipanga kando ya barabara zote, kofia za kijani, mti mkononi, wakimpima kila anayeshuka garini. Aliyepungukiwa hatua moja alirudishwa kwenye gari aanze upya.

Watu walizoea. Wauza uji na kahawa walijua pa kuweka mabenchi. Harusi zilifungwa hatua hamsini, kesi ndogondogo zikasuluhishwa hatua hamsini, na watoto wa shule wakajifunza kuhesabu mpaka hamsini kabla ya kujua majina ya baba zao. Nami nilizoea. Nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nawahi ofisini, nakitunza Kitabu changu mpaka jioni.

Hapa nikueleze Kitabu. Kila gari lilikuja na kitabu chake cha dhamana ndani ya mfuko wa nailoni uliozibwa. Kwenye nailoni palikuwa na picha: uso wa mtoto mchanga uliokatwa na mstari mwekundu, na maneno madogo ya kigeni chini yake. Mheshimiwa Kilumanga aliitazama ile picha kwa muda mrefu mbele ya waandishi wa habari, kisha akaifafanua. "Hata mtoto mchanga asiye na dhambi," alisema, "haruhusiwi kukifungua. Sembuse sisi!" Siku hiyohiyo vitabu vyote vilikusanywa nchi nzima, vikasagwa vikiwa ndani ya nailoni zake ili asije mtu akakifungua kimoja kwa bahati mbaya. Kikabakizwa kimoja kwa niaba ya vyote. Kiliwekwa katika kabati la kioo, chumba namba nne, ghorofa ya chini, na ufunguo nikapewa mimi.

Wageni wa kitaifa waliletwa kukitazama. Waliinamisha vichwa, wengine walivua viatu.

*

Sasa nije kwa watu, maana bila watu hadithi hii ingekuwa ripoti tu.

Mwalimu Hamdani alitufundisha jiografia sisi wote tuliosoma shule ya msingi ya mtaani kwetu. Ndiye aliyenionyesha kipimajoto kwa mara ya kwanza, akanishika mkono akaniambia, "Abedi, usikisie. Soma kilichoandikwa, ndipo useme." Alivuta vumbi la chaki miaka thelathini na sita, na alipostaafu Serikali ilimpa saa ya ukutani, na chaki ikampa pumu. Haikuwa pumu ya kukohoa mara mbili ukanywa maji. Ikimshika, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo ilikuwa kama kumpigia mbuzi gitaa. Alihitaji oksijeni ya hospitali, na aipate ndani ya nusu saa. Na kwa kuwa dunia haina adabu, ilimshika mchana, vumbi na joto vinapokutana.

Mkewe, Bi. Mwajabu, ni mshonaji. Ni mwanamke mfupi, mnyamavu, anayeweza kukuambia kipimo cha kiuno chako kwa kukutazama tu. Walikuwa na Salama yao ya rangi ya maziwa. Mara ya kwanza pumu ilimshika Mwalimu saa saba mchana. Gari likakataa hata kuwaka. Alipona kwa kudra. Mara ya pili walikuwa njiani, gari likawatoa, na Bi. Mwajabu akakaa naye hatua hamsini akimpepea kwa kanga mpaka jua lilipozama. Siku hiyo alipona pia, lakini midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na mkewe akasema hatasubiri mara ya tatu.

Akaenda kwa Fundi Chambuso.

Huyu alikuwa na gereji nyuma ya soko, gereji isiyo na kazi, kwa sababu magari yasiyotembea hayaharibiki, Waziri alisema kweli. Alikuwa anaishi kwa kutengeneza redio na pasi. Mazungumzo yao niliyasikia baadaye mahakamani, yakisomwa kutoka kwenye jalada, kwa hiyo nayanukuu kama yalivyo.

"Fundi, unaweza kulifanya hili gari liamini kwamba haliungui?"

"Mama, hiyo ni jela."

"Sikukuuliza jela. Nimekuuliza unaweza?"

Fundi akakuna kichwa. "Ni namba moja tu. Thelathini. Naifuta naweka hamsini. Dakika tano."

"Gari ni la nani?"

"La kwako, mama."

"Namba iko ndani ya gari la nani?"

Fundi alichukua laptopu yake yenye kioo kilichopasuka, akaunganisha waya chini ya usukani, na zile dakika tano zikawa nne. Akakataa malipo. Alisema Mwalimu alimfundisha kusoma ramani.

*

Siku kumi baadaye, saa sita kamili mchana, gari moja la rangi ya maziwa lilitembea katika mji mkuu.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za Wizara na kipande changu cha muhogo. Barabara nzima ilikuwa imelala, magari pande zote mbili milango wazi, na watu wamejazana kwenye mabenchi yao hatua hamsini. Kwanza tulisikia mlio. Mlio wa tairi juu ya lami ya moto, kitu ambacho watoto walikuwa hawajapata kukisikia. Kisha likapita. Bi. Mwajabu kashika usukani kwa mikono miwili, Mwalimu nyuma kaegemea dirisha, mdomo wazi kama samaki. Mzee mmoja alisimama akavua kofia. Mwanamke mmoja alilia, sijui kwa nini. Mkaguzi wa Hatua aliinua mti wake hewani, akausahau hukohuko.

Mwalimu alifika hospitali, akawekewa oksijeni, akarudi jioni akila embe. Mwezi ule gari lilitembea mchana mara tatu. Mara tatu Mwalimu alirudi.

Mara ya nne haikuwapo, kwa sababu kabla ya hapo Wizara ilipokea barua elfu moja na mia mbili. Baadhi zilitoka kwa wananchi wazalendo walioshitushwa na uvunjaji wa Dhamana. Nyingi zaidi zilitoka kwa wananchi waliouliza anapopatikana huyo fundi. Wizara ilizijibu zote kwa pamoja, kwa kumkamata.

*

Kesi iliendeshwa mbele ya Jaji Mnubi, na ilivuta watu. Fundi Chambuso alishitakiwa kwa kuua Dhamana. Gari lenyewe lilikokotwa kwa kamba na polisi ishirini mpaka uwanja wa mahakama, kama kielelezo namba moja.

Wakili wa Jamhuri aliomba kwanza Mahakama ione gari lenye afya. Likaletwa Salama jingine la Serikali, likajaribiwa kuwashwa saa nne asubuhi. "Ndugu abiria, chombo chako kinaungua," likasema. Papo hapo Jaji akakusanya joho lake, karani wa mahakama akabeba majalada, mshitakiwa na askari wake wakiwa wamefungwa pingu moja, na sote tukatoka tukatembea hatua hamsini. Wakaguzi walitupima. Tulirudi saa kumi na moja jioni, na Jaji akaandika kwamba ushahidi ule ulikuwa mzito.

Kesho yake, saa hiyohiyo ya joto, likawashwa gari la Mwalimu. Likanguruma. Tukasubiri. Halikusema kitu.

"Mheshimiwa Jaji," wakili wa Jamhuri akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "gari hili lilikuwa na sauti. Mshitakiwa kalifanya bubu."

Fundi aliulizwa ana la kusema. Alisema hili, na ninalikumbuka lote: "Mheshimiwa, sikuharibu kitu. Gari lilikuwa linadanganyika, nikalieleza ukweli. Hapa kwetu joto ni joto tu, si moto. Kama mwenye gari haruhusiwi kuliambia gari lake ukweli, basi nifungeni, lakini semeni hivyo waziwazi."

Minong'ono ikapita. Jaji Mnubi, ambaye si mtu mbaya, aligeuza kalamu mkononi. "Pengine," alisema, "ingefaa Mahakama ione Kitabu chenyewe kinasema nini."

Mheshimiwa Kilumanga aliinuka kutoka safu ya mbele. "Mheshimiwa Jaji, mwenye imani hapekui. Kukifungua Kitabu ili kujua kama Dhamana imevunjwa, ndiko kuivunja kwenyewe. Lakini Mtunza Kitabu yupo. Aitwe kesho aithibitishie Mahakama kwamba Kitabu kipo salama. Hilo litatosha."

Jaji alikubali. Aliyeitwa ni mimi.

*

Nilipotoka, Mwalimu Hamdani alikuwa kwenye korido ya mahakama amekaa kwenye benchi, anapumua kwa hesabu. Aliniita kwa kidole kama zamani.

"Abedi. Kile kitabu kinasemaje?"

"Sijui, Mwalimu. Hakifunguliwi."

"Miaka kumi na moja unakaa nacho chumba kimoja?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Hakunikaripia. Alinitazama tu, kama alivyokuwa akimtazama mtoto aliyeandika kwamba jua linachomoza magharibi. Afadhali angenichapa.

Nilirudi ofisini. Wenzangu walikuwa wametoka kwenda kula. Nilifungua kabati la kioo kupangusa vumbi tu, nakuapia, na nikajikuta nimekitoa Kitabu nimekiweka mezani. Kwanza niliyasoma yale maneno madogo ya kigeni chini ya picha ya mtoto, kwa msaada wa kamusi ya Wizara. Yalisema: *Mfuko huu si wa kuchezea. Weka mbali na watoto wachanga, wasije wakakosa hewa.*

Nikachukua wembe wa kuchongea penseli.

Ndani palikuwa na lugha tisa, ya mwisho Kiswahili, kilekile cha yule mwanamke wa posta. Ukurasa wa arobaini na moja ulisema: *Mmiliki kwa furaha aweke namba ya joto kulingana na nchi yake aishimo. Mabadiliko ya mmiliki hayaui dhamana, isipokuwa kwa kile kipande kilichoumizwa na mabadiliko.* Na ukurasa wa pili, juu kabisa, kwa herufi nene ambazo kipofu angezipapasa: *Dhamana hii huishi miezi thelathini na sita tangu siku ya ununuzi, kisha hufa yenyewe.*

Miezi thelathini na sita. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia kwa penseli. Dhamana tuliyokuwa tukiilinda ilikuwa maiti ya miaka minane.

Nikusimulie nilichofanya, msomaji, kwa kuwa nilikuahidi uaminifu. Nilikirudisha Kitabu ndani ya nailoni. Nikachukua pasi ya mhudumu wa ofisi, ile ya kunyooshea bendera, nikaupitisha ukingo wa mfuko taratibu mpaka ukashikana. Uliungua kidogo pembeni, ukaacha alama ya kahawia, ndogo kama ukucha. Nikageuza upande huo ukaelekea ukutani. Funika kombe mwanaharamu apite, walisema wazee, na mwanaharamu nilikuwa mimi.

Kesho yake nilisimama kizimbani.

"Wewe ndiye Mtunza Kitabu?" Jaji akauliza.

"Ndimi, Mheshimiwa."

"Kitabu kipo salama?"

Mwalimu alikuwa safu ya tatu. Bi. Mwajabu pembeni yake, mkono begani kwa mumewe. Fundi Chambuso alinitazama bila chuki, kwa matumaini, na hayo matumaini ndiyo yaliyonitia hofu zaidi. Nilikuwa na nyumba ya Serikali. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kupanda daraja la kwanza. Niliogopa, sina neno jingine la kupambia.

"Kipo salama, Mheshimiwa," nikasema.

*

Jaji Mnubi alisoma hukumu kabla ya saa tatu ili asikatizwe. Gari lirejeshwe katika hali yake ya asili. Na mshitakiwa, kwa kuwa kosa lake ni dhidi ya Dhamana, akae gerezani *mpaka siku Dhamana itakapokwisha.*

Waziri alishangilia, maana yeye huiita Dhamana ya milele. Mke wa Fundi alianguka chini, maana naye ndivyo alivyosikia. Katika ukumbi ule wote alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua kwamba, kwa maneno yaleyale ya hukumu, Fundi Chambuso alipaswa kutembea atoke mlangoni palepale. Mtu huyo alikuwa anatazama kucha zake.

Gari lilirejeshewa thelathini yake kwa sherehe ndogo, na bendi ya polisi ikapiga.

*

Ilikuwa Jumanne, wiki tatu baadaye. Pumu ilimshika Mwalimu mapema, saa mbili na dakika kumi asubuhi, na Bi. Mwajabu alifurahi, kama unaweza kulitumia neno hilo, kwa sababu alikuwa na dakika hamsini kabla ya joto na hospitali iko mwendo wa dakika thelathini. Lakini siku hiyo jua liliamka na hasira. Nyuzi thelathini zilifika saa mbili na nusu.

Gari lao lilisogea pembeni mbele ya Wizara ya Dhamana, chini ya dirisha langu. Likajizima. Milango ikafunguka.

"Ndugu abiria, chombo chako kinaungua. Toka nje kwa furaha."

Bi. Mwajabu alimtoa mumewe, akamshika chini ya kwapa, akaanza kumkokota kumpeleka penye kivuli cha ukuta wetu, hatua tano tu kutoka pale. Mkaguzi wa Hatua akamzuia. Alikuwa kijana mstaarabu, hakumgusa, hakupaza sauti.

"Samahani, mama. Ni hatua hamsini. Ni kwa usalama wenu."

"Baba, huoni mtu hapumui?"

"Naona, mama. Ndiyo maana nakuhimiza."

Akamsaidia, nisimsingizie. Alimshika Mwalimu upande wa pili, na mkono wake mwingine ukawa unapima. Nilisikia akihesabu. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Mwalimu alikuwa anaburuza viatu, kichwa kimelala kifuani. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Hapo miguu ikakoma kuburuzika. Bi. Mwajabu akakaa chini barabarani, akamlaza mumewe mapajani, akamfungua kifungo cha shati.

"Mama," yule kijana akasema polepole, "bado kumi na nane."

Nilikuwa dirishani. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu, na kutoka mezani kwangu mpaka barabarani ni ngazi sita na ua mdogo. Sikushuka.

Wizara ilituma cheti kwa mjane, kilichotiwa saini na Mheshimiwa Kilumanga, kuthibitisha kwamba siku hiyo gari lilitimiza wajibu wake wote na halikuungua. Nilikiandika mimi kwa mwandiko wangu.

*

Eda yake ilipokwisha, Bi. Mwajabu alikuja chumba namba nne. Mikononi alikuwa na cheti kile. Nilimpa kiti, akakataa.

"Nimekuja kukiona Kitabu, mwanangu. Mjane anaruhusiwa?"

"Anaruhusiwa kukitazama, mama."

Alisogea kwenye kioo. Nimekwambia ni mshonaji. Wageni wa kitaifa walikuwa wakitazama picha ya mtoto. Yeye alitazama ukingo. Aliuzunguka kwa macho kama anavyokagua pindo la gauni, akainama, akachungulia upande ulioelekea ukutani. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

"Hapa pamepigwa pasi," akasema.

Nikageuza ufunguo mfukoni.

"Pasi ilikuwa ya moto mno. Nailoni haitaki hivyo." Akanyooka. "Abedi, imeandikwa humo inakwisha lini?"

Mama yule alikuwa akinipa maandazi nilipokuwa nikienda kwao kuchukua daftari zangu. Nilifungua mdomo, na maneno yaliyotoka ni yale niliyolipwa kuyasema miaka kumi na moja.

"Kitabu hakifunguliwi, mama."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kipimo alichokwisha kukijua. Aliweka cheti juu ya meza yangu, akatoka. Nilimsikia kwenye korido, na nilidhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa anahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Alishuka ngazi zetu sita akihesabu, akavuka ua akihesabu, akatoka getini. Mkaguzi wa Hatua alimfuata na mti wake kwa mazoea, akimpima. Alipofika hamsini akageuka akalitazama jengo la Wizara, akatandika kanga, akakaa.

Kesho yake alirudi akakaa palepale. Keshokutwa yake alikuja na mke wa Fundi Chambuso. Wiki iliyofuata walikuwa kumi na mmoja, kisha sijui wangapi, wamekaa kimya wakiitazama Wizara, wala hawana bango, na hakuna sheria inayomkataza mtu kukaa hatua hamsini. Mheshimiwa Waziri ameagiza uchunguzi ufanyike ijulikane wanasubiri nini. Wenzangu wawili wameanza kutoka saa tatu asubuhi wakaenda kukaa nao, na leo alitoka hata mhudumu wa ofisi, na pasi yake mkononi.

Mimi bado nimo ndani.